Bastola Ndani ya Nyumba ya Watu

Mwana wa dada yangu anaishi Houston, Texas, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani kwao. Wiki tatu zilizopita aliniletea ujumbe wa sauti wa dakika saba. Dakika mbili za mwanzo zilikuwa shikamoo mjomba, habari za Tanga, mvua imenyesha au bado, na mguu wa bibi unaendeleaje. Nikajua kuna neno. Watu wetu wakikawia hivyo kwenye salamu, kinachofuata huwa kizito.

Neno lenyewe lilikuwa bastola. Zamu yake huanza saa tano usiku na kuisha saa moja asubuhi. Mzee anayemtunza ana ugonjwa wa kusahau, na nyumba iko mwisho wa mtaa usio na taa. Usiku mmoja wa mwezi wa tatu gari lilimfuata kutoka kituo cha mafuta hadi karibu na nyumba ile. Akazunguka mtaa, nalo likazunguka. Akazunguka tena, ndipo likapotea. Aliingia kazini magoti yakimcheza. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amenunua bastola ndogo. Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu aliyetimiza miaka 21 na asiyezuiwa na sheria anaweza kubeba bastola bila leseni, lakini yeye alitaka mambo yake yawe safi: akakaa darasani, akafyatua zile risasi 50 za majaribio, akalipa ada, akapata leseni.

Kisha akakumbuka kitabu cha kanuni za kazi. Wakala aliyemwajiri anamkataza mfanyakazi yeyote kuingia na silaha katika nyumba ya mteja, iwe kiunoni, iwe mkobani. Kanuni hizo alizikubali siku ya kwanza kwa ncha ya kidole, kwenye kioo cha tableti, bila kuzisoma. Sasa ananiuliza: "Mjomba, serikali imeniruhusu, bosi amenikataza. Nikiibeba kimya kimya chini ya sare hakuna atakayejua. Nina kosa gani?"

Nimemwomba ruhusa nimjibu hapa, naye ameridhia mradi jina lake lisitajwe. Hayuko peke yake. Wako vijana wetu wanaoendesha teksi Columbus, wanaopanga mizigo kwenye maghala ya Dallas, wanaolinda majengo Minneapolis, na swali hili wanalala nalo. Wengine walishalijibu zamani ndani ya mioyo yao, kila usiku wanatoka nyumbani na chuma kiunoni ambacho mwajiri hakijui.

Kwanza, mwanangu, hofu yako naiamini. Nimeishi Houston miaka tisa, na mitano kati ya hiyo nilikuwa keshia wa usiku kwenye kituo cha mafuta. Naujua mlio wa kengele ya mlango saa tisa ya usiku, unavyoinua macho kabla hujajua unaogopa nini. Mtu aliyekaa barazani huku pwani akasema "mwanamke na bunduki wapi na wapi" hajatembea zile hatua 40 za giza kutoka kwenye gari hadi mlangoni, ufunguo umeushika katikati ya vidole. Siwezi kukukemea kwa kuogopa. Wala sitakuambia kuwa kumiliki silaha ni dhambi, kwa sababu si kweli. Mtu ana haki ya kujilinda, na dini zetu hazikumwambia mtu anyooshe shingo akatwe.

Lakini hukuniuliza kama unaruhusiwa kujilinda. Umeniuliza habari ya kuficha. Hapo ndipo nitakapokaa.

Tulitazame hilo neno ruhusa, maana limewazuga wengi. Lile rekebisho la pili la katiba ya Marekani, la mwaka 1791, linaifunga mikono serikali isiwanyang'anye watu silaha. Mwajiri binafsi si serikali. Mwenye duka, mwenye ghala, mwenye nyumba, wote hao wana mlango wao na wana kauli juu ya kinachopita mlangoni. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilithibitisha haki ya mtu kuweka bunduki nyumbani kwake kwa ajili ya kujilinda, na hukumu hiyo hiyo ikasema isichukuliwe kuwa inatilia shaka makatazo ya silaha mahali kama shule na majengo ya serikali.

Njoo sasa kwenye jimbo lako lenyewe. Texas ina vifungu vya sheria, 30.06 na 30.07, ambavyo kila mwenye leseni hufundishwa darasani. Mwenye mahali akibandika bango lenye maneno ya sheria kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua urefu wa inchi moja, basi mwenye leseni hana ruhusa kupita hapo na bastola. Ukipita umetenda kosa la faini isiyozidi dola 200. Ukiambiwa kwa mdomo utoke na ukakaidi, kosa limepanda, na linaweza kukufunga hadi mwaka mmoja.

Au tazama vyuo vikuu, ambako ugomvi huu ulipamba moto. Tarehe 1 Agosti 2016 sheria mpya ilianza kutumika Texas: vyuo vikuu vya umma vinapaswa kumwacha mwenye leseni aingie na bastola iliyofichwa, hata madarasani. Maprofesa watatu wa chuo kikuu cha umma cha Austin wakaenda mahakamani kuipinga, wakashindwa. Hata hivyo sheria ile ile iliviachia vyuo binafsi kuamua vyenyewe, na karibu vyote vikakataa: Rice, hapo hapo Houston kwako, imekataa, Baylor imekataa, Southern Methodist imekataa. Hata katika chuo hicho cha Austin, mwalimu mwenye ofisi yake peke yake alipewa nafasi ya kumwambia mgeni kuwa humu usiingie na silaha. Texas inaipenda bunduki kuliko majimbo mengi, na bado haikumnyima mwenye mlango neno lake.

Na kuna mahali ambapo si kanuni ya kazi tena. Nalisema hili kwa ajili ya wenzako wengi walio kwenye kazi za uuguzi. Hospitali na nyumba za uuguzi zenye leseni ya jimbo zimo katika orodha ya mahali ambapo sheria ya Texas yenyewe inakataza silaha, isipokuwa kwa idhini ya maandishi. Nimewasikia watu wakisema "hiyo ni sera ya kazini tu, wakikushika watakufukuza basi." Wapo wanaoyasema hayo wakiwa wamesimama ndani ya jengo ambalo kosa lake ni la jinai.

Wewe hauko huko. Wewe uko kwenye nyumba ya mzee, na kinachokuzuia ni ile alama ya kidole chako kwenye tableti. Unasema hukusoma. Mwanangu, hilo lisikae hata dakika moja mdomoni mwako. Ungekuta kanuni ile ile inasema utalipwa mara moja na nusu kwa saa za ziada, ungeishika ukaidai, na ungekuwa na haki. Mkataba ni mmoja. Huwezi kuufungua upande unaokulipa ukaufunga upande unaokudai. Ahadi ni deni, tumelelewa hivyo, na hatukuambiwa kwamba deni hufutika likiwa limeandikwa kwa Kiingereza kidogo kidogo chini ya ukurasa.

Halafu fikiria binti wa yule mzee. Kila usiku saa tano anakufungulia mlango, anakwambia baba amekula au hajala, anaenda kulala. Amelala kwa sababu anadhani anajua kilichoingia nyumbani mwake. Wakala amemwambia: watu wetu hawabebi silaha. Ukiingia na bastola chini ya sare, umeuchukua usingizi wa binti yule ukaufanyia uamuzi peke yako. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mimi zaidi kuliko kanuni yenyewe. Kwetu mgeni hupiga hodi, husubiri karibu, na viatu huviacha mlangoni. Viatu tu hivyo. Itakuwaje kwa kitu kinachoua?

Nikuhadithie jambo nililoliona kwa macho yangu. Pale kituoni mwenye kituo alikuwa amekataza silaha kwa wafanyakazi. Mwenzangu mmoja, mtu mzima, mpole, mcha Mungu, leseni anayo, alikuwa akibeba yake ndani ya mkanda, upande wa kulia, shati juu yake. Mimi nilijua, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa sehemu ya kosa. Jumamosi moja alfajiri akaingia mwanamke na mtoto wa kama miaka sita, wanasafiri, mtoto anataka choo. Dakika mbili baadaye yule mama akarudi kaunta. Alikuwa amemshika mtoto kifundo cha mkono, si kiganja, amemshika kwa nguvu mpaka ngozi imekunjamana. Akasema kwa sauti ya chini kabisa: kuna bunduki chooni.

Nilikwenda. Ilikuwa juu ya kile kibati kinachofunika karatasi ya choo, imelala kwa ubavu, mdomo wake umeelekea mlangoni, usawa wa uso wa mtoto aliyekaa. Mwenzangu alipokwenda haja ilibidi aivue kwenye mkanda; akaiweka pale, simu ikaita, akavaa akatoka akizungumza na mkewe. Basi. Ulevi haukuwapo, wala ugomvi. Kilikuwa kitendo cha mtu aliyechoka saa kumi na moja alfajiri, kama vile mimi na wewe tunavyosahau miwani.

Bastola ya siri inaishi hivyo. Aliyeruhusiwa waziwazi ana mahali pa kuiweka, ana kasiki, ana mwenzake wa kumuuliza "yako iko wapi?" Anayeificha hana msaidizi. Inabidi aifikirie anapoinama, anapokwenda haja, anapovua sweta, anapokumbatiwa. Na siku atakayoacha kuifikiria kwa dakika moja ndiyo siku hiyo.

Na kazi yako wewe, mwanangu, ni ya kukumbatiwa. Nimekuona kwenye video ukimwinua yule mzee kitandani. Unapiga goti, unampa shingo yako, yeye anakuzungushia mikono kiunoni, mnahesabu pamoja mpaka tatu, mnasimama. Mikono yake inashika chochote inachokipata, kwa sababu anaogopa kuanguka. Kuna usiku anakujua, na kuna usiku anadhani wewe ni mwizi uliyeingia chumbani kwake. Uliniambia mwenyewe kuwa amewahi kukupiga kofi kisha akalia. Sasa iweke bastola hapo kiunoni mikono yake inapofika. Siwezi kulitazama hilo jambo mpaka mwisho, na sidhani kama wewe unaweza.

Hata ukiitia mkobani, mkoba utauacha sebuleni utakapomwogesha. Mzee mwenye ugonjwa huo hutembea usiku, hufungua makabati, hupekua vitu vya watu akitafuta asichokijua.

Kuna mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ambayo masheikh wetu hawayatoi mara kwa mara, nami natamani wayatoe: kwamba mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha, asije akamjeruhi mtu. Watu wa zama zile walihitaji silaha kuliko sisi. Hawakukatazwa kuwa nayo. Walichowekewa ni kwamba mzigo wa usalama uko juu ya aliyeibeba, si juu ya anayepishana naye.

Sasa nisikuonee kwa kukuficha upande wa pili. Tarehe 17 Julai 2022, mjini Greenwood, jimbo la Indiana, mtu mwenye bunduki ya kivita alianza kuua watu kwenye ukumbi wa chakula wa jengo la maduka. Watu watatu wakafa. Kijana wa miaka 22, aliyekuja kununua vitu na mchumba wake, alikuwa na bastola kwa mujibu wa sheria ya jimbo, na kanuni za jengo lile zilikataza silaha. Akamlenga yule muuaji kutoka mbali, akafyatua mara kumi, akamwangusha. Polisi walisema tangu risasi ya kwanza hadi muuaji kuanguka zilipita sekunde 15. Kijana yule aliokoa roho za watu. Sitasema vingine. Mtu akiniambia kwamba jioni ile kijana yule angeuona mlango wa jengo akairudisha bastola garini, wangezikwa wengi zaidi, sina jibu la kumpa isipokuwa kuinamisha kichwa.

Na Austin penyewe, tarehe 1 Agosti 1966, askari mmoja wa zamani alipopanda mnara wa chuo kikuu akawa anadungua watu kwa zaidi ya saa moja na nusu, raia walikwenda majumbani na kwenye magari yao wakaleta bunduki za kuwindia, wakamfyatulia kutoka chini mpaka akawa hawezi kuinua kichwa. Mmoja wa polisi wawili waliommaliza alikiri baadaye kwamba raia wale walisaidia. Lakini polisi hao hao walipofika juu ya mnara ilibidi watambae, kwa sababu risasi za raia zilikuwa zikigonga ukuta karibu nao. Na mjini Arvada, Colorado, mwezi Juni 2021, raia mmoja alimuua mtu aliyekuwa ametoka kumuua polisi. Kisha akaiokota bunduki ya muuaji. Polisi mwingine akafika, akamwona mtu ameshika bunduki, akampiga risasi akafa. Alikuwa shujaa, na amezikwa shujaa.

Nimeyataja haya yote ili ujue nimeyapima. Nikiyapima naona hivi: kijana wa Greenwood alikuwa mpita njia sokoni. Hakuwa amempa yeyote kidole chake kwenye tableti, hakuwa amekabidhiwa mzee wa mtu, hakuwa anamwinua mgonjwa kila usiku kwa kiuno chake. Akivunja kanuni ya jengo, amevunja kanuni ya jengo. Wewe ukivunja, umevunja amana. Haya mawili mimi siyaweki kwenye kapu moja. Na muuaji wa Greenwood ni jambo ambalo wengi wetu tutakufa bila kulikuta, ilhali mzee wako kukushika kiuno ni jambo la kila usiku saa nane, akitaka kwenda haja.

Watafiti wa North Carolina walichapisha mwaka 2005 hesabu yao ya mauaji ya kazini, wakaona kuwa mahali pa kazi palipowaruhusu wafanyakazi kuwa na bunduki pamekumbwa na mauaji karibu mara 5 zaidi ya palipokataza silaha. Huenda wengine waliruhusu kwa sababu mahali penyewe palikuwa pabaya tangu awali, kwa hiyo siifanyi hesabu hiyo kuwa aya. Naitaja kwa sababu tunaambiwa kila siku kwamba bunduki nyingi kazini maana yake ni usalama mwingi, na hilo halijaonekana.

Kuna jambo jingine, na hili wazawa wa Texas wanaokushauri kazini hawalijui kwa sababu haliwagusi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wewe una kadi ya ukaazi wa kudumu, bado si raia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kurudishwa kwao. Haisemi mpaka awe ameua, wala mpaka awe amefungwa miaka. Jirani yako mzawa akikosea bango atalipa faini na kusahau. Wewe kosa dogo la silaha linaweza kukufuata hadi meza ya ofisa wa uhamiaji. Na waliokuja kwa viza ya masomo, vijana wetu walioko vyuoni, hao sheria ya nchi nzima inawakataza kabisa kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama mwenye leseni ya kuwinda. Nimesikia kuhusu mwanafunzi aliyepelekwa na marafiki zake kwenye uwanja wa shabaha, akapiga picha amenyanyua bunduki, akaituma nyumbani kwa fahari. Mama yake hakujua anatazama nini. Waambieni watoto wenu.

Basi ufanye nini? Hofu haiondoki kwa kuambiwa iondoke.

Anza kwa kusema. Mwandikie wakala, kwa maandishi, si kwa mdomo: usiku fulani nilifuatwa, mtaa hauna taa, naomba nibadilishiwe zamu au nyumba, au mwenzangu asubiri nifike mlangoni. Mwambie na binti wa mzee. Naapa hajui kwamba ulifuatwa, kwa sababu uliingia ukatabasamu ukaosha mikono ukaanza kazi. Ndivyo tulivyo, tunaona kulalamika ni aibu. Taa ya mlangoni inayowaka yenyewe mtu akipita ni ya bei ndogo kuliko boksi la risasi.

Ukiona huwezi kabisa kusafiri bila silaha, basi ijue sheria ya gari lako. Tangu Septemba 2011 mwajiri wa Texas, isipokuwa wachache waliotajwa, hawezi kumzuia mfanyakazi anayemiliki bunduki kihalali kuiacha ndani ya gari lake mwenyewe lililofungwa, kwenye maegesho ambayo mwajiri amewapa wafanyakazi. Majimbo zaidi ya 20 yana sheria za aina hiyo. Lakini gari la kampuni halimo, na ua wa yule mzee si maegesho ya mwajiri wako. Hapo utamwomba binti yake idhini waziwazi, akikataa amekataa. Na ukiiacha garini usiitie kwenye droo ya dashibodi. Nunua kasiki ndogo ya chuma yenye kamba ya waya, uifunge kwenye chuma cha kiti. Magari ndiko bunduki zinakoibiwa sana Marekani, na bunduki yako ikiibiwa leo, kesho kuna mtoto wa mwenzio mbele yake.

Swali moja zaidi la kumuuliza binti yule, na hili ni la lazima hata kama ungekuwa hujawahi kuishika bastola maishani: mzee ana bunduki humu ndani? Ni mzee wa Texas, wa rika lile. Huenda ipo kabatini, au chini ya godoro, na risasi zimo. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau hapaswi kuifikia. Uliza bila haya. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini humo kila mwaka ni vya watu waliojiua wenyewe, na wazee wa kiume wamo wengi.

Wakala akikujibu ovyo, tafuta kazi nyingine. Najua nimetamka sentensi nyepesi kwa jambo gumu. Najua kodi ya nyumba, najua unaleta dola 150 kila mwezi kwa mguu wa bibi. Lakini kuondoka mahali kwa sababu hukubaliani na masharti yake ni uungwana. Kubaki ukayavunja gizani si uungwana, hata kama hofu yako ni ya haki.

Na kwa wenye mawakala na mabosi wote wanaosoma hapa, wakiwamo wa kwetu, maana siku hizi wako Watanzania na Wakenya wenye kampuni za kutunza wazee Texas na kwingineko. Ukimwambia mtu aache silaha yake, umechukua dhamana ya usalama wake. Huwezi kumtuma binti wa watu peke yake saa tano ya usiku kwenye mtaa wa giza, ukamnyang'anya alichotegemea, kisha simu ya ofisi usiku haipokelewi. Kanuni yako ni halali. Lakini ina upande wa pili unaokuhusu wewe, na upande huo wengi wenu hamuutekelezi. Tembeleeni hizo nyumba usiku. Egesheni gari, zimeni taa, mtembee wenyewe hadi mlangoni.

Mwanangu, jibu langu ni usiibebe. Iache nyumbani, ndani ya kasiki, imetolewa risasi. Barua ya wakala iandike kesho kabla hujalala, uniletee niisome. Na ukifika kwenye mtaa ule, kabla hujashuka garini, nipigie. Saa tano yako ya usiku huku ni asubuhi, nimeshakunywa chai, niko barazani. Nitakaa nawe kwenye simu mpaka nisikie mlango umefungwa.